Zilzala ya Bukoba na Ardhi ya Port Bell

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu tetemeko la ardhi, au zilzala kama walivyozoea kuiita wazee wa pwani. Wala sikusudii zile zilzala kubwa zinazosawazisha miji na kuandikwa katika tarehe za dunia, bali ile ya wastani, ambayo mwenye kuisikia huduwaa kwa muda mfupi, akatazamana na jirani yake, kisha akarejea katika shughuli zake akidhani kuwa jambo limekwisha. Nimeichagua habari hii kwa ajili ya watu wa Port Bell hasa, na wa Luzira, na wa Kampala nzima, kwa kuwa mji huu, ingawa uko mbali na bahari ya chumvi, ni mji wenye ufuko na bandari kama ulivyo mji wa Bukoba, na kwa kuwa yaliyoisibu Bukoba yametuachia vipimo ambavyo tukivisoma kwa utulivu vitatufaa kuliko hofu.

Port Bell, kama mnavyojua, imekaa katika Ghuba ya Murchison, kwenye ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale na ramani huliita Victoria. Jina lake limetokana na Sir Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Waingereza tangu mwaka 1906 hata 1909. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, lakini haikufika Kampala mpaka mwaka 1931, na katika miaka yote hiyo ya katikati shehena nyingi za mji huu zilishushwa Kisumu kutoka katika gari la moshi, zikapakiwa melini, zikavushwa ziwa, zikateremshwa hapa Port Bell. Meli za ziwa zilizunguka pia upande wa magharibi na kusini, zikitia nanga Bukoba na Mwanza, zikachukua kahawa, pamba, barua na abiria. Basi Bukoba haikuwa mji wa kigeni kwa mtu wa Port Bell, bali jirani wa ng'ambo, anayenywa maji ya ziwa lile lile na kukaa juu ya mwamba wa kale ule ule.

Jirani huyo alifikwa na msiba siku ya Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, siku mbili tatu kabla ya Idd el-Hajj. Ilipokuwa saa tisa na dakika 27 alasiri, mwamba ulipasuka na kuteleza chini ya ardhi ya mkoa wa Kagera, karibu na Nsunga, kusini kidogo ya mpaka wa Uganda na Tanzania, katika kina cha kilomita 40 hivi. Kadiri ya tetemeko hilo ilipimwa kuwa 5.9. Mji wa Bukoba ulikuwa umbali wa kilomita zipatazo 40 kutoka kitovuni, na Port Bell, ukipima kwa mstari ulionyooka, haikupungua sana kilomita 190. Mawimbi ya kwanza ya tetemeko, ambayo hupita ndani ya mwamba kwa mwendo wa kilomita sita hata nane kwa sekunde, yanahitaji chini ya nusu dakika kuukata umbali huo. Nyuma yake, baada ya sekunde ishirini hivi, huja mawimbi ya pili, yaendayo polepole zaidi lakini yenye kuitikisa ardhi ubavu kwa ubavu, nayo ndiyo aghalabu huwafanya watu watoke nje. Kwa hiyo kuta za Bukoba zilikuwa zimekwisha anguka, na vumbi lake halijatulia, wakati mtikisiko ulipofika Kampala. Ulisikika hapa, ukasikika Rwanda, Burundi na Kenya. Lakini katika mji wetu haukufanya zaidi ya kuwashitua watu.

Sasa tujiulize: wasemapo kwamba tetemeko lilikuwa la 5.9, ni nini hasa kilichopimwa? Swali hili linastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu watu wengi, na hata baadhi ya magazeti, huichukua namba hiyo kana kwamba ni kipimo cha maafa, ilhali sivyo. Mwaka 1935 mwanazuoni mmoja wa California, Charles Richter, alitunga kipimo kilichopatikana kwa kusoma mistari inayochorwa na mtambo wa kunasa mitikisiko. Na ingawa siku hizi wataalamu hutumia kipimo kingine kilichokamilika zaidi, ambacho huzingatia ukubwa wa mwamba uliopasuka na kiasi ulichoteleza, desturi ya namba imebaki ile ile. Namba hizo hazipandi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha: tetemeko la 6 hutoa nguvu mara 32 hivi kuliko la 5, na la 7 hutoa nguvu karibu mara 1,000 kuliko hilo la 5. Namba hii ni moja tu kwa kila tetemeko, popote utakapokuwa umesimama, kwa maana inaeleza yaliyotokea kitovuni na haielezi yaliyotokea sebuleni kwako.

Yaliyotokea sebuleni kwako yana kipimo chake kingine. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kasisi mmoja wa Kitaliana, Giuseppe Mercalli, aliyapanga madaraja ya mtikisiko kwa kuyatazama mambo ambayo kila mtu huyaona, na wengine wakayasahihisha baadaye hata yakawa madaraja 12. Katika daraja la kwanza hakuna anayehisi ila mitambo; katika la nne vyombo hulia kabatini, madirisha hutetema, na aliyeko ndani ya nyumba hudhani kuwa lori zito limepita; na katika la kumi na mbili hakibaki kilichosimama. Tetemeko moja huwa na kadiri moja, lakini huwa na madaraja mengi, kila mahali na lake. Ni kama ngoma kubwa ipigwayo kijijini: pigo ni moja na mkono wa mpigaji ni mmoja, lakini aliye karibu huzibwa masikio, aliye ng'ambo ya bonde husikia mvumo, na aliye nyuma ya kilima huenda asisikie kitu. Kwa umbali wa Port Bell madaraja yanayotazamiwa ni la tatu na la nne, ilhali Bukoba ilifikia la saba. Na ukisoma maelezo ya daraja hilo la saba utaona neno la kuzingatia sana, kwani imeandikwa kwamba katika daraja hilo nyumba zilizojengwa vizuri hupata madhara madogo, na zilizojengwa vibaya huharibika mno. Yaani kipimo chenyewe kimekiri kwamba, ukifika hapo, hukumu inatoka mikononi mwa ardhi na kuingia mikononi mwa fundi.

Na tusidhani kuwa hayo ni maneno ya vitabuni tu, maana Afrika yetu ya Mashariki imeyaonyesha mara tatu katika muda wa miaka kumi na miwili, kwa matetemeko matatu yenye kadiri karibu moja. La kwanza lilitokea Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, karibu na Bukavu, kwenye ziwa Kivu, nalo lilikuwa la 5.9 kama la Bukoba, lakini mwamba wake ulipasuka karibu zaidi na uso wa ardhi, tena asubuhi, wakati watu wa Rusizi upande wa Rwanda wamejaa makanisani. Wakafa watu zaidi ya 30, na wengi wao ni wa Rwanda. La pili ni hilo la Bukoba, la alasiri ya Jumamosi, lenye kina kirefu, lililochukua roho za watu 17 katika mkoa wa Kagera. La tatu lilikuja usiku wa tarehe 12 Agosti 2020, yapata saa mbili na robo, likatikisa pwani yote tangu Dar es Salaam na Unguja hata Mombasa, na kadiri yake ilikuwa karibu 6, yaani haikupungukiwa na hayo mawili. Watu wa majumba ya ghorofa wa Dar es Salaam waliteremka ngazi mbio wakajaa barabarani, lakini kitovu kilikuwa chini ya Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, na hakuna msiba ulioandikwa. Basi mtu akikuuliza tetemeko la 5.9 hufanya nini, jibu la insafu ni kumuuliza nawe: la wapi, la kina gani, la saa ngapi, na juu ya nyumba za namna gani?

Kwa nini ardhi yetu hutikisika? Bara hili, wasikilizaji wangu, linapasuka taratibu kutoka kaskazini kwenda kusini, na mipasuko yake ni hilo tunaloliita Bonde la Ufa, ambalo lina matawi mawili. Tawi la mashariki linapita Turkana, Nakuru, Naivasha, Natron na Manyara. Tawi la magharibi linapita katika maziwa ya Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Baina ya matawi haya limebaki pande la mwamba wa kale sana, gumu, ambalo juu yake limetandazwa ziwa Victoria. Nalo pande hilo, kama vipimo vya setilaiti vilivyothibitisha, linazunguka polepole mno, milimita chache kwa mwaka, huku likivutwa na kusukumwa kutoka pande zote. Ziwa Tanganyika, ambalo limo ndani ya ufa wenyewe, lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Victoria, lililo nje ya ufa, halizidi sana mita 80. Kwa sababu hiyo matetemeko makubwa hukaa matawini, na ya kandokando ya Victoria ni nadra. Lakini nadra si muhali, kwani mwamba mgumu nao una nyufa zake za zamani, ambazo zikibanwa kwa karne nyingi huteleza siku moja bila ya kupiga hodi.

Uganda yenyewe ina daftari lake katika jambo hili. Tarehe 18 Machi 1945 palitokea tetemeko la kadiri ya 6 katika nchi ya Masaka, ambayo iko baina yetu na Bukoba, wakafa watu watano. Na tangu hapo mpaka mwaka 2016 ni miaka 71, muda ambao mzazi anaweza kufa kabla hajamsimulia mjukuu. Alfajiri ya tarehe 20 Machi 1966 ilitikiswa Toro, kwa tetemeko lililozidi 6 na nusu, chini ya milima ya Ruwenzori. Watu zaidi ya 150 waliangamia na maelfu ya nyumba yakabomoka. Tarehe 5 Februari 1994 likaja jingine Kisomoro, karibu na Fort Portal, la kadiri ya 6.2. Anayeishi magharibi ya Uganda hahitaji kuelezwa tetemeko ni nini. Anayehitaji ni sisi wa kando ya Victoria, ambao tunapata matetemeko kwa uchache na kuyasahau kwa wepesi.

Wazee wetu hawakusahau kama sisi. Katika Buganda walimtaja Musisi, mmoja katika lubaale, yaani miungu ya jadi, kuwa ndiye mwenye mitikisiko ya ardhi. Na wazee wa pwani walisimulia juu ya ng'ombe aibebaye dunia kwa pembe zake, naye amesimama juu ya samaki, na kila achokapo huihamisha kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Waislamu nao wanaisoma sura ya 99 ya Kurani, iitwayo Az-Zilzala, ambamo ardhi hutikiswa mtikiso wake siku ya mwisho. Sioni haja ya kuwacheka wazee kwa ajili ya ng'ombe na samaki, maana masimulizi hayo, hata kama si ilimu ya miamba, yaliwawekea watu jambo moja la kweli akilini: kwamba ardhi si kitu kilichotulia milele, ina mwendo wake, na mwenye kujenga juu yake sharti ajenge akijua hivyo. Lililo baya ni kuyatupa masimulizi ya wazee na kutoichukua ilimu ya wataalamu, mtu akabaki katikati hana hili wala lile.

Swali linaloulizwa sana na watu wa bandarini ni kama ziwa laweza kuinuka na kuwagharikisha, kama bahari ilivyoinuka tarehe 26 Desemba 2004. Siku ile tetemeko la kadiri ya 9.1 mbele ya Sumatra liliipasua sakafu ya bahari kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, likalinyanyua tabaka zima la maji, na wimbi lake likavuka Bahari ya Hindi mpaka pwani yetu. Likaua watu wapatao 300 Somalia, na wengine Tanzania na Kenya. Ili maji yainuke hivyo, sakafu yenyewe lazima ipande au ishuke kwa ghafula, na juu yake pawe na maji mengi. Tetemeko la Bukoba lilipasua mwamba kilomita 40 chini, wala halikuifikia sakafu ya ziwa. Na ziwa hili, kama nilivyotangulia kusema, halina kina kikubwa. Maji ya ziwa yaweza kuyumba huku na huko kwa mtikisiko wa mbali, kama maziwa ya Uskochi yalivyoyumba mwaka 1755 kwa zilzala ya Lisbon, na mtumbwi uliofungwa gatini ukagongana na mwenzake. Lakini anayeishi Port Bell, akitaka kuogopa kitu, asilitazame ziwa, autazame ukuta ulio nyuma yake.

Na hapa tuirudie Bukoba, tutazame jinsi madhara yalivyohesabiwa, kwani hesabu yenyewe ina mafunzo. Siku ya pili ya msiba, wakati Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoongoza maombolezo katika uwanja wa Kaitaba, hesabu zilizotangazwa zilikuwa za nyumba 840 zilizoanguka na 1,264 zilizopata nyufa. Wakaguzi walipoanza kupita vijijini, mlango kwa mlango, hesabu ilipanda: majeruhi wakafika 440, nyumba zilizoanguka zikazidi 2,000, na nyingine zaidi ya 14,000 zikaonekana zimesimama lakini kukaa ndani yake ni hatari. Zitazameni vizuri namba hizo mbili za mwisho, kwani kwa kila nyumba moja iliyoanguka palikuwa na saba ambazo mpita njia wa barabarani angeziona nzima. Tetemeko la wastani halina tabia ya kubomoa mji. Tabia yake ni kuulegeza, kufungua pembe za kuta, kutenganisha ukuta na paa, na kuuacha mji ukiwa umesimama kwa mazoea tu, mpaka mvua ya masika au mtikisiko mdogo ufuatao umalize kazi. Kwa hiyo anayehesabu maafa kwa kuhesabu vifusi peke yake hajahesabu hata robo.

Shule mbili za zamani za sekondari, Ihungo na Nyakato, ziliharibika vibaya hata zikafungwa, na Ihungo ikajengwa upya kwa msaada wa Serikali ya Uingereza. Ilikuwa kudura ya Mola kwamba siku yenyewe ilikuwa Jumamosi na saa yenyewe ilikuwa alasiri, watu wengi wako mashambani, sokoni na viwanjani; lau ingekuwa usiku wa manane, au asubuhi ya siku ya masomo, namba ya 17 isingebaki kuwa 17, na kadiri ya tetemeko ingebaki kuwa 5.9 vile vile. Upande wa Uganda, katika wilaya ya Rakai iliyopakana na Kagera, nyumba pia ziliharibika. Mpaka wa nchi mbili, unaofuata mstari uliochorwa mezani Ulaya, haukulizuia tetemeko hata kidogo.

Kwa nini nyumba hizo zilishindwa? Ukuta wa matofali, yawe mabichi au ya kuchoma, una nguvu nyingi za kubeba mzigo unaotoka juu, nao waweza kulibeba paa miaka hamsini bila ya kulalamika. Lakini tetemeko halimsukumi mtu kutoka juu, humsukuma kutoka ubavuni, na ubavuni ukuta hauna nguvu ila zile zinazotokana na jinsi matofali yalivyoshikana. Yakishikanishwa kwa tope, au kwa mchanga uliotiwa saruji kidogo ili kupunguza gharama, hayashikani. Pembe za nyumba hufunguka kwanza, kisha ile pembetatu ya ukuta iliyo chini ya mwisho wa paa huangukia nje au ndani, kisha dirisha pana huvuta ufa wa mshazari mpaka msingini. Nyumba iliyofungwa lenta ya zege yenye nondo kuizunguka yote, juu ya milango na madirisha, hukaa katika tetemeko la wastani kwa kuwa kuta zake nne hutikisika pamoja, hazitikisiki kila mmoja kwa njia yake. Na msonge wa zamani wa Wahaya, wenyeji wa Kagera, uliojengwa kwa miti na fito na kuezekwa kwa nyasi mpaka chini, ulipinda na ukarudi, na hata ungalianguka usingalimponda mtu. Sisemi turudi katika misonge; nasema tulipobadilisha majani na miti tukachukua matofali, tulichukua uzito mpya bila ya kuchukua hadhari yake.

Sasa tuitazame ardhi ya Port Bell yenyewe. Kampala ni mji wa vilima na mabonde: vilimani kuna changarawe nyekundu, ngumu, iliyolala juu ya mwamba, mabondeni kuna mabwawa ya mafunjo, na maji yake yote yanateremka, kwa mfereji wa Nakivubo na kwa bonde la Kinawataka, yakaishia katika Ghuba ya Murchison, hapa hapa ubavuni petu. Matope laini yaliyokusanyika mabondeni kwa maelfu ya miaka yana tabia moja iliyopimwa katika miji mingi ya dunia: mtikisiko unapotoka katika mwamba na kuingia ndani yake hupungua mwendo, lakini hukuzwa ukubwa na hurefushwa muda. Mji wa Mexico, uliojengwa juu ya matope ya ziwa la kale, ulipata maangamizi makubwa tarehe 19 Septemba 1985 kwa tetemeko lililotokea katika pwani ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 350 kutoka mjini. Tetemeko lile lilikuwa kubwa sana, la 8, wala silifananishi na la Bukoba. Ninachotaka kikumbukwe ni kwamba umbali peke yake si ngao kwa anayekaa juu ya matope. Na katika mji wetu kila mwaka mafunjo yanakatwa, changarawe inamwagwa, na juu yake panasimamishwa nyumba za kupanga, maghala na viwanda, kwa kuwa kiwanja cha bondeni ni rahisi na kilimani hakuna nafasi tena. Nyumba mbili za fundi mmoja, zenye matofali sawa, moja ikiwa kilimani Mutungo na nyingine ikiwa katika bonde lililofukiwa, hazitapata daraja moja siku tetemeko litakapokuja.

Si kwamba sheria hatuna. Uganda ilitoa kanuni zake za ujenzi wa kuhimili matetemeko mwaka 2003, na mwaka 2013 ikapitishwa Sheria ya Kudhibiti Majengo; na idara ya uchunguzi wa miamba yenye makao yake Entebbe hutunza mitambo ya kunasa mitikisiko. Lakini sote tumeshuhudia majumba ya ghorofa yakianguka katika mji huu na vitongoji vyake pasipo na tetemeko lolote, kwa uzito wake yenyewe, kwa sababu nondo zilipunguzwa, zege haikuachwa ikaiva, au ghorofa ya nne iliongezwa juu ya msingi wa ghorofa mbili. Jengo ambalo haliwezi kuhimili utulivu litahimilije zilzala? Kanuni nzuri iliyofungiwa kabatini haifungi ukuta; anayeufunga ukuta ni fundi aliyeagizwa na mwenye nyumba anayejua la kuagiza, na mkaguzi anayekuja kutazama kabla lenta haijafunikwa na lipu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, maneno yangu ya mwisho ni ya vitendo. Mwenye kujenga leo Port Bell, Luzira au Bugolobi na aulize kwanza kiwanja chake kilikuwa nini kabla ya kufukiwa; kisha, kabla ya vigae vya sebuleni na rangi ya ukuta, aweke fedha ya lenta inayozunguka nyumba nzima na nondo za pembeni. Mwenye nyumba iliyokwisha jengwa na azitazame pembe zake na ile pembetatu ya chini ya paa, na ufa wowote wa mshazari asiupake chokaa bila ya kumwita mjuzi. Mwalimu na awafundishe watoto kwamba ardhi ikitikisika waingie chini ya meza imara, wafunike vichwa, wakae mbali na madirisha, wasikimbilie ngazi, na mtikisiko ukikoma watoke kwa utaratibu wakae mahali peupe, wala wasirudi ndani upesi, maana mitikisiko midogo hufuata. Na sisi sote, siku tutakapolisikia tena tetemeko likitajwa redioni kwa namba yake, tusiishie kuuliza lilikuwa la ngapi. Tuulize nyumba ngapi zililegea, za namna gani, juu ya ardhi gani. Kadiri ya tetemeko hatukupewa uwezo wa kuichagua, lakini uimara wa kuta zetu tumepewa, na huo ndio tutakaoulizwa.